Wakili Aliyesaka Sheria ya Kaburi Lake

Ndugu, majirani, mawakili na makarani mliofunga ofisi zenu leo, poleni kwa kusimama juani na poleni kwa kusubirishwa. Mimi ni dada wa marehemu. Nimepewa kazi hii kwa sababu, walisema, mimi ndiye ambaye sijalia, kwa hiyo nitafika mwisho wa karatasi. Ni kweli. Tangu siku ile sihisi kitu. Nakula nikiambiwa nile, nalala nikiambiwa nilale, na leo nitasoma kama nilivyoandika. Mnajua kwamba mazishi haya yamechelewa, na wengi wenu mnajua tulikuwa tunagombania mahali pa kumzika. Sitalificha, kwa kuwa yeye mwenyewe aliliona likija, na miezi yake ya mwisho aliitumia kulitafutia dawa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu na wa mwisho wa fundi seremala na mkunga. Wa kwanza ni kaka yetu mkubwa, ambaye baba alipofariki ndiye aliyekuwa baba wa nyumba. Wa pili ni mimi. Alikuwa mtoto wa maswali. Mama akisema hakuna kutoka nje giza likiingia, yeye huuliza, "Imeandikwa wapi?" Ukimwambia zamu ya vyombo ni yake, "Imeandikwa wapi?" Siku moja baba alichoka, akachukua penseli yake ya kazi akaandika ukutani juu ya beseni: Leo ni zamu yako. Alisoma, akaosha vyombo bila neno. Kesho yake akaniita, akanionyesha maandishi yaleyale. "Dada," akasema, "hapa hapakuandikwa jina la mtu." Nikaosha mimi. Basi nyumbani akabandikwa jina la Imeandikwa-Wapi, na mama yetu mdogo mpaka leo hamwiti vingine.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, sekondari akasoma ya bweni, na Oktoba 1994 akaingia chuo kikuu kusomea sheria. Akiwa mwaka wa pili alipata mtoto wa kike. Baba wa mtoto hakujitokeza, nasi hatutamjadili hapa. Mtoto aliishi miezi minne, akafariki kwa nimonia Novemba 1996. Kaka alikataa mtoto azikwe kwenye shamba la familia. Alisema mtoto hana upande wa baba, na ardhi ya familia ni ya familia. Kaka yupo hapa mbele, na nilipomwonyesha aya hii alisema, "Isome. Yalitokea." Tukamzika mtoto katika makaburi ya mji, marehemu, mimi na wanafunzi wenzake wawili. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilishika mwavuli tu, uchungu ulikuwa wake. Alirudia mwaka, akahitimu mwaka 1999. Na kaka akaendelea kumpenda na kumsomesha, wakala sikukuu pamoja, ila jambo lile hawakulizungumza tena.

Aliapishwa kuwa wakili mwaka 2001. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, chumba cha meza mbili na dirisha lisilofunga vizuri. Alifanya kesi za mipaka, za mirathi na za wapangaji wanaotolewa vitu nje. Mwaka 2010 paa lilivuja wiki nzima ya mvua, na vitabu vyake vya sheria vikavimba kama mikate. Alivianika kwenye ngazi, wateja wakawa wanaviruka. Kurasa ziligandana zisiachane tena. Karani wake, mama mtu mzima aliyekuwa naye tangu mwanzo, akamwambia, "Wakili, siku hizi vitabu viko mtandaoni. Hata mvua haivifikii." Alinuna siku kadhaa. Kisha akalipia maktaba ya sheria ya mtandaoni, akavaa miwani, akakaa mbele ya kompyuta.

Siku ya kwanza, kwenye kile kisanduku cha kutafutia, aliandika hivi: "Shikamoo. Habari za kazi. Natafuta hukumu za mipaka ya viwanja." Ndivyo alivyokuwa akimwambia mzee wa maktaba ya chuo, na hakuona sababu ya kubadili. Maktaba ikamletea hukumu moja tu, ya wizi wa redio, ambamo shahidi aliieleza mahakama kwamba mshtakiwa alimwamkia shikamoo kwanza ndipo akamnyang'anya. Aliisoma yote. Karani anasema alimkuta anafuta machozi kwa kucheka. "Mama," akamwambia, "huyu mwizi ana adabu kuliko mawakili wa mji huu."

Tangu hapo hakuna aliyemtoa humo. Alijifunza kuandika maneno machache, kutazama mwaka, kufuata hukumu moja mpaka inakorejelea nyingine, na juu ya yote kuhakikisha haikutenguliwa kwenye rufaa. Wenzake walimpigia simu kumwuliza, naye aliwajibu akiwa jikoni, mwiko mkono mmoja. Wale wavivu aliwasema hadharani. Wapo hapa, wanajijua. Alisoma hukumu kama wengine wanavyosoma magazeti, na kwenye meza ya chakula alitusimulia ugomvi wa watu tusiowajua mpaka tukaanza kushika upande.

Mume wake ni mpima ardhi. Walikutana mahakamani mwaka 2003, yeye akiwa shahidi wa upande wa pili. Marehemu alimhoji mpaka akakubali kwamba jiwe moja la mpaka aliliweka kwa kuonyeshwa na mwenye kiwanja, si kwa kipimo. Walipotoka akamfuata kwenye ngazi.

"Wakili, umeniaibisha mbele ya watu. Ulijuaje?"

"Niliisoma ramani yako," akamjibu. "Wewe hukuisoma."

Wakafunga ndoa tarehe 12 Juni 2004. Kabla ya posa alimpeleka kwenye kaburi la mtoto. Mimi aliniambia, "Akikimbia, bora akimbie mapema." Hakukimbia. Alirudi wiki iliyofuata na jembe na jiwe dogo la zege, la aina ileile anayowekea mipaka ya viwanja, akalisimika kichwani mwa kaburi ili lisipotee kwenye majani. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume, nao walikua wakijua kwamba wana dada yao kule.

Januari mwaka huu alianza kulalamika tumbo na mgongo. Daktari akasema ni saratani ya kongosho, tena imekwenda mbali. Alitibiwa, akachoka, akaomba arudi nyumbani. Alikaa chumba cha mbele, kitanda kikiwa kimegeuzwa aone barabara. Kwanza aliomba kompyuta. Mikono ilipokosa nguvu akaomba simu. Macho yalipochoka akaniomba mimi nimsomee. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sheria siijui, nilisoma vifungu kama anayesoma namba za simu. Akawa ananirekebisha akiwa amefumba macho.

Nilidhani ni kesi ya mteja. Lakini hukumu zote zilikuwa za namna moja. Mjane na mashemeji zake. Baba mzazi na mkwewe. Wake wawili. Na katika kila moja maiti iko mochwari, inangoja watu wazima waelewane. Siku moja nikamwuliza, "Mdogo wangu, mteja gani huyu mwenye mikosi hivi?"

"Mimi," akasema.

Niliendelea kusoma, kwa sababu sikujua la kufanya jingine.

Akanieleza baadaye, akila uji kidogo kidogo. Kina shemeji wangemtaka kwao, kwa kuwa mke huzikwa kwa mume. Kaka angemtaka kwetu, kwa kuwa ndiye kitinda mimba na wazazi wamelala pale. "Mimi nataka kulala na mwanangu," akasema. "Peke yake amekaa sana. Natafuta hukumu ya kuwafunga, wasiwe na pa kupitia."

Basi tukaisaka. Nilimwandikia maneno aliyonitajia, nikabadilisha akiniambia nibadilishe, nikarudi nyuma miaka, nikapanda mpaka rufaa. Mahakama zilisema maiti si mali ya mtu. Zilisema huangaliwa nani alikuwa karibu zaidi na marehemu. Zilisema matakwa ya marehemu hupewa uzito. Mara mbili tulifurahi, na mara zote mbili akaniambia nitazame kama hukumu bado inasimama, na haikuwa inasimama. Kila tulipofika mwisho tulikuta lilelile: uzito, ndiyo, lakini walio hai hawafungwi nayo.

"Funga, dada," akasema siku ile. "Haipo."

"Tuandike wosia."

"Wosia wa vitu nimeandika. Wa mwili hauwazuii. Wakitaka kugombana watagombana."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Zile kesi ulizonisomea," akasema, "uje uwasomee."

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2024, mumewe akiwa anambadilishia shuka. Nilikuwa mlangoni na beseni la maji. Nakumbuka niliyabeba yale maji mpaka bafuni, nikayamwaga vizuri, nikaanika taulo. Mengine ya siku hiyo siyakumbuki.

Shemeji alisema matakwa ya mkewe siku hiyohiyo. Baba yake mdogo akamwambia, "Mwanangu, una majonzi, tuachie sisi wazee." Kaka naye akasema dada yake hatalala na watu asiowajua kwenye makaburi ya mji ilhali kwao kuna ardhi. Watu wakatufariji kwa methali kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Jembe tulikuwa nalo. Tulikuwa hatujui tuchimbe wapi. Baba mdogo wa shemeji akachapisha tangazo kwamba mazishi yatakuwa kwao, kaka akatafuta wakili wa kuzuia mazishi, na mdogo wangu akawa amelala mochwari sawasawa na wale niliokuwa namsomea.

Sikugombana na mtu. Nilianza kwa baba mdogo, nikamsomea moja. Ilipofika katikati akaniambia inatosha, kama kaka yangu atakubali, yeye hatasimama njiani. Kisha nikaenda kwa kaka. Nilimkuta sebuleni, karatasi za wakili ziko mezani. Nikakaa, nikafungua maktaba kwenye simu ya marehemu, nikasoma. Ilikuwa ya ndugu wawili na mjane wa ndugu yao. Sikuongeza neno langu.

Nilipomaliza akauliza, "Wakaishia wapi?"

"Nani?"

"Hao ndugu. Walikuja kuelewana?"

"Haikuandikwa, kaka. Hukumu inaishia kwenye gharama za kesi."

"Soma nyingine."

Nikasoma nyingine. Katika ile, mmoja wa wagombanao alifariki kesi ikiwa inaendelea, na mwanawe akachukua nafasi yake. Nikasoma ya tatu. Katikati akainua mkono.

"Yeye alikuwa anayasikiliza haya? Akiwa kitandani?"

"Ndiye aliyenituma nizisome."

"Alikuwa anatuogopa sisi," akasema kaka. Ilikuwa kweli. Akakaa ameinamisha kichwa, na mimi nikaaga.

Asubuhi alikuja kwangu amevaa suti. Akasema twende ofisi ya makaburi. Shemeji tulimkuta huko, amekwisha kufika na ramani yake. Tulisimama dirishani, kaka mbele kwa kuwa ndiye mkubwa, akamweleza karani kwamba tunataka nafasi ya mama, karibu na mtoto wake aliyezikwa humo mwaka 1996. Karani akasogeza kibodi.

"Mtoto anaitwa nani, mzee?"

Kaka alifungua mdomo. Kisha akanigeukia. Jina alikuwa halijui. Muda wote huo hakuwahi kuuliza, na sisi hatukuwahi kulitaja mbele yake. Nikamwambia. Akamgeukia karani akalisema, lakini lilitoka dogo, karani akasema, "Sijasikia, mzee, rudia." Kaka akalirudia kwa sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu wakalisikia.

Marehemu ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, kaka mmoja, dada mmoja, mama mdogo, mashemeji na mawifi, karani wake wa siku zote, na wateja ambao kesi zao zimegawanywa kwa wenzake. Ametanguliwa na wazazi wake, na kifungua mimba wake, aliye hapa, mkono wake wa kushoto.

Kaka ameomba jambo moja, nasi sote tumelikubali. Kabla ya udongo, atasimama yeye hapa ayataje majina yao, la mama na la mtoto. Tafadhali nyamazeni kidogo asikike. Mungu awape pumziko, wote wawili. Kaka, karibu.