Babu Pua na Mvinyo Unaobana Fizi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutuonjea mvinyo hapa kiwandani, Babu Pua anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimekuwa msaidizi wake miaka kumi na moja, na ningefurahi kama maneno haya yangeandikwa na mtu mwingine.

Alianza kwa kuosha mapipa. Siku moja alipita karibu na pipa akasema limeanza kuchacha. Wakubwa wakacheka, wiki iliyofuata wakakuta ni kweli, wakampandisha cheo. Mhasibu aliyeingia ghalani akinukia manukato alirudishwa naye nyumbani akaoge, asimharibie harufu ya mvinyo. Mimi wiki ya kwanza nilimeza mvinyo wa kuonja badala ya kuutema, na kabla ya saa nne nilikuwa nimelala fofofo juu ya magunia ya vizibo. Hakunisema kwa yeyote, alinifunika koti lake.

Kazi yake kubwa ni ile zabibu ndogo aliyoipanda, ngeni hata kwa wauzaji wa miche, ambayo uongozi ulitaka kuing'oa. Mvinyo wake ni mweusi tii, na una ukakasi wa kukausha ulimi na kubana fizi. Babu aliupigania. Aliulaza kwenye mapipa miaka mitatu badala ya mmoja, na leo ndio mvinyo ambao wateja huulizia kwanza.

Mwaka jana homa ilimlaza wiki tatu. Aliporudi alipitisha pipa lililokuwa siki tupu. Nilifuta alama yake ya chaki ya kulipitisha nikanyamaza, nikidhani namsitiri. Aligundua. Aliniita, akafunga mlango, akaniambia harufu zote zimemtoka, hata ya sabuni ya mkewe. Barua ya kustaafu aliiandika mwenyewe, miaka miwili kabla ya wakati wake. Nililia, na sioni haya kulisema.

Jumatatu tulimfungulia pipa la zabibu yake. Alizungusha glasi, akanusa kwa mazoea tu, akaonja. Sote tulitazama sakafu. Akashika shavu, akatabasamu. Alisema hapati harufu wala ladha ya tunda, lakini bado mvinyo unambana fizi, kama zamani. Akaomba glasi nyingine.

Asante, Babu. Upumzike na afya yako, na watu wako wakuzunguke. Kuna kitu kimoja ambacho homa haikukuchukulia, ule ukakasi, nacho umekipanda mwenyewe. Wiki ijayo nitaonja peke yangu, na naogopa.