Sauti Yangu Ilinitangulia Msibani

Kamwene, ndugu zangu. Na Waislamu wenzangu, assalaam alaykum. Nimeombwa nisimame mbele ya kikundi chetu hiki cha kuzikana niseme yaliyonipata. Nitasema polepole. Wengi wenu mmezoea kunisikia redioni, ambako hamwezi kunikatiza. Leo mnaweza. Asiyeelewa anyooshe mkono, nitarudia.

Kazi yangu ya zamani mnaijua. Nilisoma matangazo ya vifo kwenye redio moja ya huku kwetu nyanda za juu, sitaitaja. Wafiwa walikuja studio, nikawakalisha, nikawauliza marehemu aliitwaje nyumbani, na nani yuko mbali ambaye bado hajui. Kisha nikasoma. Mama yangu kule Mbeya alikuwa hanikosi. Mchana ukifika aliwanyamazisha majirani: "Ngojeni kwanza, mwanangu anaingia kazini."

Siku moja mkuu wetu akanipa kurasa nyingi nisome mbele ya kinasa sauti. Habari za mvua, bei ya viazi, majina ya watu na ya vijiji. Nikasaini fomu, nikasoma. Nilidhani ni kumbukumbu za kituo.

Hapa ngoja nieleze vizuri, maana mimi mwenyewe nilikuja kuelewa wakati nimeshachelewa. Ile sauti inawekwa kwenye kompyuta, kompyuta inajifunza unavyotamka, unapopanda na unaposhuka. Ikishajua, mtu anaandika maneno yoyote, nayo inayasema kwa sauti yako. Hiyo ndiyo akili mnemba mnayoisikia. Haikohoi, haiendi likizo. Basi nikaambiwa nipumzike nyumbani.

Sasa, ndugu zangu, mtu akiachishwa kazi watu wanaona, wanampa pole. Mimi niliachishwa na bado nasikika. Nani atakupa pole wakati amekusikia mchana huu huu? Nikatoka hapa Iringa, nikahamia Ilula, nikawa nauza nyanya na vitunguu kwa abiria wa mabasi. Dada mmoja aliyekuwa anauza pembeni yangu alikuwa akinitania kila nikiita wateja: "Baba, acha kumwiga yule wa redioni. Yule ana shule, wewe una nyanya." Tukacheka wote. Ningemwambia nini?

Na mama je? Mama sikumwambia. Jioni ananipigia, "Leo nimekusikia, umesoma vizuri. Hujachoka?" Namjibu, "Sijachoka, mama." Nilijipa moyo kwamba angalau yeye bado ana furaha yake.

Ikaja siku hiyo. Basi limesimama, nimenyanyua ndoo ya nyanya dirishani, abiria anatafuta hela. Redio ya kibanda cha chipsi iko wazi. Nikaisikia sauti yangu inatangaza kifo. Ikataja jina la mama yangu. Ikataja mtaa wetu kule Mbeya, ikasema maziko ni leo hii baada ya swala ya alasiri. Ikataja watoto aliowaacha, na jina langu likiwa la kwanza. Kisha ikaendelea na tangazo la mtu mwingine.

Nilitazama simu yangu. Ilikuwa na chaji, ilikuwa na mtandao. Hakuna aliyenipigia.

Nikampigia mdogo wangu. Akapokea haraka, "Kaka, umefika wapi? Tunakusubiri wewe tu."

"Niko Ilula."

"Ilula unafanya nini? Si umetoka kusoma tangazo sasa hivi? Mimi mwenyewe nimelituma studio kwa simu, nikajua umelipokea wewe."

Mnaona ilivyokuwa? Hakuna aliyenisahau. Ukoo mzima ulinisikia, kila mmoja akasema, huyu ameshajua, amelisoma mwenyewe, yuko njiani. Kutoka Ilula mpaka Mbeya kwa basi ni safari ya kutwa, nanyi mnajua dini yetu haipendi maiti akae. Mdogo wangu akauliza wafanyeje. Nikasema, "Mzikeni." Ndilo neno nililolisema siku ya maziko ya mama yangu, nimesimama barabarani na ndoo mkononi.

Nilifika kesho yake. Wazee hawakunigombeza, lakini niliwaona wanavyonitazama. Mmoja akasema taratibu kwamba ameshangaa, mtoto anasoma kifo cha mama yake na sauti haitikisiki. Nikawaeleza yote. Mdogo wangu akanivuta pembeni.

"Kaka, mama alijua," akasema.

"Alijuaje?"

"Alikuwa anasema, huyu si mwanangu. Mwanangu akifika kwenye kifo cha mtoto mchanga anasimama kidogo. Huyu hasimami. Mimi nikaona ni uzee. Nikamwambia akuulize, akakataa. Akasema, 'Ataniambia mwenyewe. Nisimwaibishe.'"

Kumbe kila jioni aliponiuliza kama sijachoka, alikuwa ananifungulia mlango. Nami nilipita pembeni yake kila siku.

Baada ya hapo nilinyamaza. Si kwa hasira, nilikuwa siwezi kuisikia sauti yangu. Sokoni nilionyesha kwa vidole. Nilikwenda kule redioni kuomba waiondoe, wakanikumbusha fomu niliyosaini. Nikarudi hapa Iringa nikajifungia.

Aliyenitoa ni mama mmoja aliyeketi humu, simtaji, ni Mlutheri na ni jirani yangu. Alipofiwa na mumewe hakutuma tangazo. Alikuja kwangu na simu yake, akasema, "Baba, nipigie watu." Nikamwonyesha koo, kwamba siwezi. Akasema, "Jaribu. Redio wataisikia, lakini hawawezi kuiuliza kitu. Nataka wapigiwe na mtu anayeulizika."

Nikapiga. Wa kwanza alikuwa dada wa marehemu, yuko Nyololo. Nilipomwambia, akaniuliza kama kaka yake aliteseka. Nikasimama kidogo, nikalia, yeye akalia, tukawa tunalia wote kwenye simu. Kisha nikamwambia ninachokijua. Tangu siku hiyo ndiyo kazi mliyonipa katika kikundi hiki: akifa mtu wetu, mimi napiga.

Nawashukuru. Wewe mama, Mungu akulipe. Na ninyi mliokuwa mnakuja kukaa sebuleni kwangu bila kunilazimisha kusema, nawashukuru sana.

Lakini sitawadanganya kwamba nimepona. Leo mchana, mlipokuwa mnakula, mimi nilikuwa bado nasoma vifo redioni. Kesho nitasoma. Siku nikifa mimi, labda nitajitangaza mwenyewe. Na mama yangu harudi kuniuliza kama nimechoka. Nikikaa peke yangu namjibu: nimechoka, mama. Jibu halimfikii.

Basi chukueni hili moja, ni dogo, kila mtu analiweza. Ukisikia kifo kimetangazwa, popote pale na kwa sauti ya yeyote yule, usiseme mtoto wa marehemu ameshajua. Chukua simu, mpigie wewe. Akipokea, mtajie jina lako, mwambie, kisha usikate mpaka amalize kukuuliza.