Tarumbeta ya Tatu ya Karani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, nje ya kibanda cha Spana, fundi baiskeli. Upande wa kushoto ubao umepinda, kwa hiyo anayekaa pale huteremka polepole mpaka amwegemee jirani yake, na ndiyo maana watu wa benchi hili wamezoeana kupita kiasi. Katikati hukaa Profesa, ambaye hajawahi kufundisha popote ila husoma kila gazeti linalofungiwa vitu dukani, hata likiwa na umri wa miaka sita. Kulia hukaa Daktari. Jina alilipata kwa kuendesha gari la wagonjwa miaka tisa, na anaamini elimu ya wenye makoti meupe ilikuwa ikimfikia kupitia kile kidirisha cha nyuma. Spana mwenyewe hukalia gurudumu. Shangazi wa kahawa hakai. Amesimama hapo na birika lake mwaka wa kumi na moja sasa, na hakuna aliyewahi kumuuliza maoni. Na pale kwenye mpindo, huku anateremka, ndipo hukaa Karani, mstaafu wa idara ya maji, ambaye tangu mwaka uanze anatafuta tarumbeta.

Kutafuta tarumbeta si kazi kubwa. Kazi ni kuitafuta ukiwa na marafiki.

Ujanani Karani aliipigia tarumbeta bendi ya idara, miaka minane, na wanaomkumbuka wanasema alikuwa moto. Kisha wakaja watoto, ukaja uhamisho, tarumbeta ya idara ikarudishwa stoo, na hakuigusa tena kwa miaka ishirini na sita. Sasa mpiga ngoma wao wa zamani alikuwa ameibuka: wazee wamejikusanya upya, mazoezi Jumamosi, nafasi ya tarumbeta ni yake. “Lakini Jumamosi hii usipokuja,” akasema, “tunamchukua mwingine.” Nyumbani mkewe alikuwa ameshatoa hukumu: “Afadhali kelele zako, baba watoto, kuliko huo unyamavu wako.”

Tarumbeta ya kwanza benchi liliikataa kwa sababu ilikuwa inang'aa mno. Ya pili Daktari aliinusa akatikisa kichwa. Zote mbili sasa hivi zinapigwa na watu wengine, na zinapigika vizuri tu.

Hii ya tatu ilitoka kwa dada mmoja mshonaji, ilikuwa ya marehemu baba yake. Kuukuu kweli, shaba imeiva, na pale paliposhikwa rangi ilikuwa imeliwa na vidole vya mzee. “Kaa nayo, uijaribu,” dada alimwambia. “Kesho saa kumi napita hapo kijiweni kwenu unipe jibu. Ila siiuzi kwa mtu wa kuitundika ukutani.”

Jambo moja Karani hakumwambia mtu. Alikuwa bado hajaipuliza. Alikuwa ameishika, ameibonyeza, ameipeleka mdomoni, akaishusha. Aliogopa.

Basi leo, Alhamisi, saa tisa mchana, akaweka kasha kwenye benchi na kulifungua.

— Ina kovu, alisema Profesa, akiweka kidole kwenye mbonyeo ulio karibu na mdomo mpana wa tarumbeta. Mwenye kovu usidhani kapoa. Hii itakuja kukuumiza.

— Ni mbonyeo tu, Profesa. Ilianguka.

— Hakuna kitu kinachoanguka bure, Karani. Hiyo ni risasi.

— Risasi gani inabonyeza bila kutoboa? aliuliza Daktari.

— Risasi iliyochoka. Kuna risasi inatoka mbali.

Spana alikuwa amekwisha kuichukua na kubonyeza zile pistoni tatu zilizosimama juu yake.

— Nzito hizi. Zinakwama kama breki za mkopo. Zinataka mafuta.

Karani alijua kweli zinataka mafuta, tena mepesi, si yale mazito ya mnyororo. Akainuka aende duka la pili, lenye mafuta ya cherehani. Alipofika hatua nne akageuka.

— Msiiguse.

— Nani aiguse? aliuliza Spana, kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa.

Robo saa baadaye alirudi na kichupa chake. Tarumbeta ilikuwa inang'aa. Spana alikuwa anafuta mikono, na palinuka petroli.

— Nimekupangusia vumbi, alisema Spana.

— Vumbi tu, alisema Profesa.

— Vumbi, alisema Daktari, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Shangazi alifungua mdomo, lakini mteja akadai kahawa, akaufunga.

— Haya, pigia watu kitu, Karani! alihimiza Profesa. Tumekaa na njaa ya burudani!

Hapakuwa na pa kukimbilia. Karani akadondoshea pistoni mafuta kwa juu, bila kuzifungua, akasimama, akavuta pumzi, akaweka midomo pale inapokaa, akapuliza.

Kimya.

Akapuliza tena, mishipa ya shingo ikamtoka, macho yakamwiva. Pumzi iligonga mahali humo ndani ikamrudia kifuani. “Inagonga inarudi,” akanong'ona. Hata mlio wa mbu haukutoka. Akakaa kwenye mpindo, na ubao ukamteremsha mpaka begani kwa Profesa. Hakuitazama tarumbeta hata mara moja. Alijitazama mwenyewe, kwa sababu habari hii aliitarajia: kwamba umri umepita, pumzi imekwisha, na yule aliyekuwa moto amebaki majivu. Iliuma, iliuma sana, na alitamani angekuwa nyumbani.

— Mapafu hayo, alisema Daktari. Pafu lisilotumika linageuka nyama ya kawaida. Nimeliona kwa macho yangu.

— Uliliona wapi, nawe ulikuwa unaendesha? aliuliza Profesa.

— Kwenye kioo cha nyuma.

— Si mapafu, aliendelea Profesa. Tumieni akili. Debe tupu haliachi kuvuma. Sasa hii imeacha kuvuma. Kwa hiyo?

— Kwa hiyo nini? aliuliza Daktari.

— Kwa hiyo si tupu! Ina kitu ndani. Nimesoma watu wanaficha nyaraka humo. Kuna serikali nzima iliangushwa na karatasi iliyotoka kwenye tarumbeta.

— Lini hiyo? aliuliza Daktari.

— Ukurasa ulikuwa umechanika kwenye tarehe.

Spana, ambaye kwa kawaida ndiye wa mwisho kusema, leo alikuwa na haraka ya kushangaza.

— Wote mmekosea. Ni marehemu. Mtu amepuliza chombo miaka arobaini, unadhani pumzi yake imekwenda wapi? Imo! Sasa Karani analeta ya kwake. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo maana inagonga inarudi. Karani, si ulisema inagonga inarudi?

— Ndiyo, alisema Karani kwa sauti ndogo. Inagonga inarudi.

— Mnaona! Tiba yake nyepesi. Ya zamani itolewe kwa nguvu.

Akaingia kibandani akatoka na pampu ya baiskeli, ile kubwa ya kusimama. Akafungia mdomo wa mpira pale pa kupulizia, akauzungushia kitambaa ili upepo usivuje, akampa Daktari tarumbeta aishike kama mtoto anayepigwa sindano. Spana akapampu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mpini ulikataa kushuka. Akaupandia kwa uzito wake wote, miguu ikining'inia.

— Hata pampu imeshindwa! alishangilia Profesa.

Mtu mwenye akili zilizotulia angejiuliza: kama pampu inayojaza magurudumu ya baiskeli za mtaa mzima imeshindwa, mapafu ya Karani yana kosa gani? Lakini benchini akili zilikuwa nyingi mno kutulia.

— Irudishe tu, Karani, alisema Daktari kwa huruma. Mwambie huyo dada afya hairuhusu. Nitakuandikia cheti.

— Cheti cha nani? aliuliza Profesa.

— Changu.

Karani akaitikia kwa kichwa. Alikwisha kuanza kupanga maneno ya kumwambia mpiga ngoma, na yale ya kumwambia mkewe yalikuwa yanamshinda. Ndipo kivuli kikaangukia kwenye kasha. Alikuwa dada mshonaji, futi ya kupimia ingali shingoni, na ilikuwa saa kumi kamili.

Aliitazama tarumbeta ya baba yake mikononi mwa Daktari. Akaitazama pampu. Akamtazama Spana, aliyekuwa bado anaelea juu ya mpini.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitika wote, wapole kama watu walio kwenye foleni ya zahanati.

Hakuuliza kuhusu pampu. Pengine aliona haina jibu. Akaichukua tarumbeta, akabonyeza pistoni moja moja huku ameinamisha kichwa, uso ukakunjamana. Akakaa, akakifungua kifuniko cha kwanza kwa vidole viwili na kuichomoa pistoni, kisha ya pili, ya tatu. Tangu akiwa wa miaka saba, kila Ijumaa, kazi yake nyumbani ilikuwa kumpangusia baba pistoni hizo.

— Kila moja ina namba yake hapa ubavuni, alisema. Moja, mbili, tatu. Ukizichanganya, matundu hayakutani, pumzi haipiti kabisa. Na hapa tatu imewekwa kwenye tundu la kwanza. Mbili iko kwa tatu. Halafu kuna grisi.

Akainua macho.

— Nani alizifungua?

Lilikuwa swali dogo. Jibu lake lilikuwa neno moja. Benchi lililojua risasi zilizochoka, serikali zilizoanguka na pumzi za marehemu likapata shughuli ghafla. Profesa alifunua gazeti na kulisoma kichwa chini. Daktari alijishika mkono akahesabu mapigo. Spana alikuta gurudumu linalohitaji kuzungushwa, akalizungusha, ingawa halikuwa na tairi.

Shangazi peke yake ndiye aliyetembea. Akaenda mpaka kwa Spana, akakiokota kikombe chake cha kahawa kilichokuwa kando yake, kikiwa nusu, akakimwaga chini.

— Kahawa imeisha, alisema.

Dada akamgeukia Karani.

— Ni wewe?

— Si mimi, mwanangu. Ila nilipaswa kutazama, na sikutazama. Niliona ni mimi niliyeharibika.

Akanyoosha mikono, naye dada, baada ya kusita, akampa tarumbeta na pistoni zake. Karani akaifuta ya kwanza kwa upindo wa shati lake, akaitia tone la mafuta, akaitumbukiza, akaizungusha mpaka ikalia tik. Ya pili, tik. Ya tatu, tik. Hakusoma namba hata moja, alipapasa matundu tu. Vidole vyake vilikuwa vinakumbuka vyenyewe, na dada alivitazama vidole hivyo, si uso.

Akasimama, akapuliza.

Ilitoka chafu. Iliyumba, ikapasuka, ikakatika katikati, ikarudi, ikasimama. Ilikuwa sauti mbaya na ilikuwa yake. Wenye maduka walitoka nje kuangalia nani anaumizwa. Karani alikuwa analia waziwazi, pua na macho, akaendelea kupuliza mpaka pumzi ikamwisha kihalali.

— Baba naye akikaa wiki bila kuigusa alikuwa anaanza hivyohivyo, alisema dada. Unaichukua?

— Naichukua.

— Si tulisema! aliruka Profesa. Palipo na wengi hapaharibiki neno! Bila benchi hili ungeipata wapi?

— Na ule upepo wa pampu umesaidia, alisema Spana, aliyekuwa ameachana na gurudumu. Umefungua njia. Karani, hebu kaa. Kuna ile sehemu ya chini, pale inapokunjwa, kuna skrubu ndogo sikuielewa vizuri.

— Kaa bwana, alisema Daktari. Tuijadili kabla ya Jumamosi.

Wakamsogezea nafasi pale kwenye mpindo, na Shangazi, aliyekuwa amesema kahawa imeisha, akammiminia Karani kikombe kimoja kilichojaa. Karani akakinywa akiwa amesimama, kasha kwapani. Akamrudishia Shangazi kikombe, akamwambia asante, dada yangu, na hakukaa.