Bi Saa na Miadi ya Machi

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ndiye mdogo wake anayemfuata, na nitasoma kama alivyoniagiza, hata pale ambapo ningependa kuruka.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Saa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1984, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1991, akamaliza sekondari mwaka 2002, kisha akasomea kompyuta kwa miaka miwili, akilala sebuleni kwa shangazi.

Mwaka 2005 aliajiriwa kwenye duka la kuchapa barua, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza saa, kalenda na vihesabu muda vya kuweka kwenye kurasa za mtandao, akawatengenezea waoka mikate, klabu za mpira na maharusi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Tarehe 18 Septemba 2010, siku alipofunga ndoa na shemeji yetu fundi umeme, saa aliyoiweka kwenye ukurasa wa harusi ilihesabu hadi sifuri, wageni wakashangilia, naye bado yuko saluni. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 2012 na wa kike mwaka 2016.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akapangiwa upasuaji tarehe 27 Februari, ukasogezwa mbele kwa kuwa mashine iliharibika. Kalenda ya miadi kwenye ukurasa wa hospitali hiyo ilikuwa kazi yake, na sehemu ya miadi iliyosogezwa ilikuwa mpya, aliimaliza akiwa tayari anaumwa. Lugha ya kompyuta aliyoitumia huhesabu miezi kuanzia sifuri, hivyo lazima uongeze moja kabla ya kumwonyesha mtu, naye kwa uchovu akaongeza mara mbili. Upasuaji ulikuwa tarehe 13 Machi, kalenda ikamwandikia 13 Aprili. Wagonjwa wengine walitilia shaka wakapiga simu kuuliza, wakaambiwa tarehe sahihi bila yeyote kuikagua kalenda, yeye hakupiga, kwa sababu kazi ilikuwa ya mkono wake na aliiamini. Siku ile ya Machi kitanda chake alipewa mwingine, na hakuna aliyemtafuta.

Aprili alifika na begi lake, kwa mara ya kwanza maishani akiwa amewahi, akaambiwa amechelewa mwezi mzima. Alikaa kwenye benchi, akafungua kompyuta, akasahihisha kosa lile ndipo akatupigia simu. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye ini. Shemeji alimuuliza daktari kama mwezi ule ndio uliotuponza, daktari hakusema ndiyo wala hapana, na hatutajua kamwe. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Aliaga dunia tarehe 2 Novemba 2023, saa tisa alasiri, watoto wakiwa bado shuleni. Aliagiza jambo hili lisomwe ili wenzake wa kazi wakague upya kalenda zao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokaa na watoto, na wafanyakazi wenzake waliokuja wote. Tunawashukuru pia wale wagonjwa waliopiga simu kuuliza, maana wao walinusurika na kosa hilo, laiti naye angepiga.

Pumzika kwa amani, dada, leo hakuna wa kukuharakisha.