Msinipitishe Mlango wa Jikoni

Funga mlango, wewe mkubwa, na hiyo simu ilaze kifudifudi mezani, maana leo sina pumzi ya kushindana nayo. Sogeeni. Binti yangu, kaa hapa kitandani, usiogope kunikalia mguu, mguu wenyewe siusikii tangu juzi. Nawe kitinda mimba wangu simama hapo hapo dirishani unikingie jua. Nataka mnisikie nyote watatu kwa pamoja, kwa sababu nikimwambia mmoja atawafikishia wenzake kinyume, nawajua, niliwazaa.

Daktari kawaambia ni siku chache, nanyi mkadhani nimelala. Baada ya kuwa muuguzi miaka yote ile, kisha miaka ishirini na miwili ya kuendesha nyumba hii ya wazee, nimewaambia watoto wa watu maneno hayo hayo kwa sauti hiyo hiyo ya chini, naitambua hata ikiwa mwisho wa korido. Kwa hiyo msinibembeleze. Niko chumba cha nne, kitanda cha ukutani, kitanda nilichokitandika upya kwa mikono yangu mara tisa, na kila mara nilijua namtandikia nani, isipokuwa mara hii ya mwisho.

Nianze na nyumba, maana ndiyo iliyowaleta, tusidanganyane. Iliachwa na baba yenu, hati iko kwa wakili, na nyote watatu mmeandikwa sawasawa. Mkubwa wangu, wewe mkandarasi, unataka kuivunja ujenge vyumba vya kupangisha. Umeshaleta na mtu wa kupima, kapita na futi yake koridoni huku wazee wanamuuliza kama ndiye fundi bomba aliyengojwa tangu mwezi jana. Ulinieleza kwa upole, “Mama, be realistic, hii nyumba haijiendeshi.” Nikaendelea kukunja shuka. Usidhani nilikubali.

Haijiendeshi, kweli. Namchukua msichana namfundisha jinsi ya kumgeuza mzee asichubuke mgongo, jinsi ya kumlisha kwa kijiko kidogo huku kidevu kimeinama asipaliwe, na siku mikono yake inapokuwa imekubali kazi anapata viza, anakwenda kuwageuza wazee wa watu wengine ughaibuni. Anakuja kuniaga analia, nami namwandikia barua ya sifa, kwa sababu ningemwambia nini, kaa hapa uoze pamoja nami? Mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka anauliza kizima moto kiko wapi, hajawahi kuuliza nani kaanguka bafuni. Watoto wanamleta mzazi kwa magari mawili, na mashangazi wa kumwaga machozi wamekuja naye, wanaapa kila Jumapili watakuwepo, halafu ukipiga simu baada ya nusu mwaka unaambiwa namba haipatikani.

Na nimejaribu, msije mkasema mama yenu alikaa tu. Nilifunga vishikio bafuni, nikang'oa mazulia yanayokwaza miguu, nikawapanga wawili wawili ili anayeona amsomee asiyeona, nikampa kila mmoja kazi yake, hata kama ni kukunja taulo ambazo sisi tunakwenda kuzikunjua kimya kimya ili kesho azikunje tena asijione hana maana. Viti vya barazani nilivigeuza vyote vitazame ndani, kwa sababu mzee akikaa kutwa anatazama geti anakwisha hivi hivi unamwona. Nilipotoka kuoga nikakuta wamevigeuza tena wenyewe, kimoja kimoja, na mikono yao ile inayotetemeka. Nikaviacha.

Hayo mtayasoma kwenye vitabu, binti yangu anaweza kuwatafutia hata semina. Lakini liko kosa ambalo halimo kwenye kitabu chochote, kwa sababu nililitengeneza mimi humu ndani, na ndilo nililowaitia.

Mnamkumbuka Dereva wa Treni, yule aliyekuwa akipiga honi kwa mdomo kila chakula kikiiva. Ndiye wa kwanza kutufia. Tulimtoa mchana kweupe, katikati ya ukumbi, wote wakiona, na siku mbili nzima wazee watatu hawakutia kitu mdomoni, na mmoja nilimkuta getini kafunga nguo zake kwenye shuka anataka kwenda, hajui wapi. Nikaogopa. Alipokufa wa pili nikakupigia wewe, mkubwa, ukaja na pikapu, ukairudisha nyuma mpaka mlango wa jikoni wakati wazee wako mezani, ukamwambia mpishi aongeze sauti ya redio wasisikie, na ulipokuwa unafunga turubai ukaniambia, “Waambie tu watoto wake wamekuja kumchukua.” Sikulaumu. Wewe ulilisema mara moja, mimi nimelisema mara thelathini na nane.

Na lilifaa, hapo ndipo penye aibu yangu. Nilipowaambia walipiga makofi. “Wee, mwenye bahati yake!” “Nilisema mimi, yule mwanawe ana huruma, mlimwona macho?” Walikula, wakaomba na nyongeza. Ila tangu siku ile wote wakawa wanangoja. Fundi Cherehani akawa kila Jumamosi ananyoa, anavaa koti alilolishona mwenyewe, anaketi juu ya begi lake pale barazani. “Matroni, wangu wanaweza kutokea leo. Vipi, kola imekaa?” Nami naisogeza kola yenyewe namwambia imekaa, Fundi, imekaa vizuri. Jumamosi ngapi hizo? Miaka kumi na moja. Nilikuwa nawaonea wivu wafu wangu kwa ajili yao, mnanielewa? Mtu kafa, na wenzake wanatamani wangekuwa yeye.

Aliyenishtukia ni Mwalimu. Yule aliyekuja peke yake, hakuletwa na mtu, kakodi gari akapakia kiti chake cha mbao kwa sababu viti vya wengine, alisema, vinafundisha mgongo uvivu. Hakuolewa, hakuzaa, na wote walijua, maana alikuwa akisema watoto wake ni elfu mbili na hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea kazi ya nyumbani kwa wakati. Siku moja akanivuta pembeni.

“Matroni, huyo kijana aliyekuja kumchukua baba yake jana, mbona kamwacha bila viatu? Viko uvunguni, nimeviona.”

Nikamwambia atavirudia. Akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyesahau daftari siku ya nne mfululizo. Hakunigombeza. Akanishika mkono akasema, “Mimi zamu yangu ikifika usinitoe kwa redio. Nipitishe ukumbini, uwaambie nimekufa. Hawa ni watu wazima, wamezika wazazi wao, wamezika na watoto. Nani kakuambia wanaogopa kifo? Wanachokiogopa ni kuondoka bila mtu kusema.” Nikamwahidi. Mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake, wanangu, nikamwahidi.

Akafa siku ile ya wageni. Binti yangu, siku uliyoleta wenzako wa ofisini na keki na maputo. Usilie, sikusemi, ulifanya la maana, walicheka sana siku ile. Nilisimama koridoni hapo, mlango wa ukumbi huku, mlango wa jikoni kule, nikasikia watu wanapiga picha, nikawaza tutawapitaje na machela. Nikamkonyeza mpishi. Redio ikapanda. Na mezani waliponiuliza Mwalimu yuko wapi, mdomo ulijibu wenyewe kwa mazoea kabla sijaushika: watoto wake wamekuja kumchukua.

Fundi akaweka kijiko chini polepole. “Mwalimu alikuwa na mtoto gani?”

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, ningesema tu. Nikasema, “Mpwa. Ni mpwa wake.” Fundi akasema, “Aa. Mpwa.” Akanyanyuka, akaenda chumbani, akafungua begi akazirudisha nguo kabatini moja moja, hata soksi. Tangu siku ile Jumamosi hanyoi.

Kuanzia hapo redio ikipanda, vijiko vinasimama. Hawaniulizi kitu. Wanakaa tu, kila mmoja anatazama sahani yake, na wanahesabu viti. Mpishi nimemkataza mara ngapi, lakini maskini akisikia gari linarudi nyuma upande wa jikoni mkono wake unakwenda wenyewe.

Na Bibi Maua. Subirini, nipe maji, binti. Kidogo. Basi. Bibi Maua, huyu wa chumba cha sita, mwanawe wa kike alikuja kumchukua. Kweli kabisa safari hii, kasafiri siku mbili, kamwandalia mama yake chumba, kanionyesha na picha ya mapazia. Nikaona leo nitalisema neno lile kwa raha, maana ni kweli. Nikaingia nikamwambia, Bibi, mwanao amekuja kukuchukua. Akashikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili, akapiga ukelele uliotoa watu vyumbani, “Sijafa! Niacheni, sijafa mimi, bado!” Wasichana wakajaribu kumbandua kidole kimoja kimoja. Mwanawe akadhani tulikuwa tukimpiga, kisha akadhani mama hamtaki, akaona haya, akaondoka na mapazia yake. Nimempigia simu, nimemwandikia, nimemweleza. Mtu aanze wapi kuelewa jambo kama hilo? Bibi Maua bado yupo hapo nyuma ya ukuta, asubuhi namsikia anakohoa, na aliyemfungia ni mimi. Sikujua namna ya kumfungulia. Nimelala hapa naitafuta, siioni.

Unakwenda wapi, mkubwa? Haya, kapokee, kama ni mtu wa kazini. Yako umekwisha kuyasikia, yaliyobaki wenzako watakuambia.

Sasa wosia. Saa yangu ya kifuani ni ya binti, inachelewa dakika nne, izoee. Kiti cha Mwalimu ni chako, kitinda mimba, maana wewe ndiye unayekuja kukaa nao bila kuitwa. Kaka yenu nampa ule mlango wa jikoni. Auzibe. Kabla hajavunja kitu chochote au kujenga kingine, alete matofali auzibe, mpishi atapita mbele na magunia yake, shida tumezizoea. Na mwambieni kinyongo changu nacho nakiacha hapa: miaka sita akija kunisalimia anaishia getini, anapiga honi, natoka mimi. Nimemsamehe. Nadhani naye alikuwa akiogopa kuhesabu viti.

Kuhusu kuuza, siwezi kuwazuia, nitawazuia na mkono gani? Nawaomba tu. Hao wazee kumi na wanne kaeni nao ukumbini, waambieni kwa midomo yenu, tunauza, wewe utakwenda pale, na wewe pale, tumepaona wenyewe na bafu lake lina vishikio. Wakigomba wacheni wagombe. Msiwatoe mmoja mmoja kwa nyuma. Nawaombeni hilo hata kama sijui kama mtaliweza, kwa sababu mimi nilishindwa kumtoa mwanamke mmoja tu mlango wa mbele.

Na mimi. Nikiisha, msisubiri wakati wa chakula. Zimeni redio, ing'oeni na waya. Mnipitishe ukumbini, mchana, uso wazi, msimame hapo katikati mpaka kila mmoja anione. Semeni Matroni kafa. Msiseme kapumzika, msiseme kaitwa. Fundi akitaka kugusa, aguse. Bibi Maua mleteni karibu kabisa, aone kwamba anayekufa huwa hivi, na anayechukuliwa na mwanawe huwa… huwa vingine. Pengine atauachia mlango. Pengine hatauachia, sijui. Ila mimi sina kingine cha kumpa.

Ngoja. Nipumue.

Gari gani hilo? Wewe uko dirishani, mwanangu, linarudi nyuma upande gani? Usinijibu. Uso wako umeshanijibu. Labda analitoa juani tu. Ni mtu wa kujiandaa mapema, ndiyo kazi yake, hana ubaya. Labda ni jua.

Hiyo. Mnaisikia? Redio hiyo. Mpishi, jamani, mkono wake…

Na vijiko. Sikilizeni. Vijiko vimenyamaza. Kumi na wanne wote wamenyamaza, na mimi bado nahema.

Njooni niwashike vichwa, upesi, na cha kaka yenu mtampelekea. Mzeeke, wanangu. Mungu awazeeshe vizuri, awape miguu mpaka mwisho, awape mtu wa kuwaelekeza kidevu na kijiko, na mkiuliza fulani yuko wapi, awape mtu wa kuwajibu kweli. Amina, semeni. Semeni kwa sauti, sisikii.

Kitinda mimba, nenda ukaizime. Kimbia. Waambie bado. Waambie Matroni anasema bado yupo… na akishakuwa hayupo… utakuja… mlango ule ule wa ukumbini… utawaambia wewe.