Hadjara binti Kassimu, Aliyeshindwa na Kulala

Marehemu Hadjara binti Kassimu alizaliwa Gatete tarehe 14 Machi 1961. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyo alikuja na haraka zake, mkunga hajavuka hata kizingiti. Shule aliisoma palepale Gatete hadi mwaka wa tano. Benchi, wallahi, halikumuweza.

Kazi ndiyo iliyomuweza. Alikamua na kuuza mawese katika soko la Rumonge, na kila pipa aliligonga kwa vidole asikie mafuta yamefika wapi. Mwaka 1983 aliolewa na Anwari, muuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, mtu mpole ajabu. Waliishi vizuri hadi Anwari alipofariki, siku chache baada ya kuchomwa sindano ya kutoa maji kifuani. Hapo Hadjara akamwapisha binti yao Aliya: "Mimi, sindano ya kifua, hapana!"

Novemba 2024 kifua chake nacho kikajaa maji, kwa kuwa moyo ulikuwa umechoka. Alilazwa Bujumbura, chumba cha wagonjwa mahututi. Wakambandika vibandiko vyenye waya, mashine ikawa inafuatilia maji bila kumtoboa. Daktari akasema yakipungua kwa dawa, sindano haitahitajika. Sharti moja tu: atulie. Lo! Hadjara atulie? Kila akiinuka mashine inalia, naye anauliza, "Yamefika wapi?" Muuguzi Scovia anamjibu, "Lala kwanza, mama, ndiyo nitakuambia."

Aliya, kama tunavyofanya wote huku kwetu kifua kikibana, alimpaka mama yake mawese ya vuguvugu. Vibandiko vikateleza. Mashine ikaonyesha maji yamepungua, na sisi wa nyumbani tukapiga vigelegele kwenye korido. Scovia alipofuta mafuta na kubandika upya, kumbe maji yalikuwa yamepanda. Aliya alilia hadi sauti ikakauka. Mama yake, pumzi ikiwa imebaki kidogo, akamshika: "Usilie, mutoto wangu. Mukono wako ulinipaka kwa mapenzi. Waambie walete hiyo sindano." Aliiogopa mno. Aliikubali ili Aliya asibaki na mzigo.

Maji yalitolewa, akarudi Rumonge, akagonga mapipa yake tena. Moyo ulisimama tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa amekwisha vaa viatu vya kwenda sokoni.

Ameacha binti yake Aliya, mkwe wake Fahadi, wajukuu watatu na dada yake Jamila. Leo Aliya amemuosha mama yake, kwa mkono uleule. Sasa atulie, apumzike kwa amani.