Mkono wa Mkuu Kwenye Picha

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya kibanda cha Brashi, mchora mabango. Asubuhi hiyo hakuna aliyetania. Picha ya Mkuu wa mji iliyochorwa kwa rangi, kubwa kama mlango, iliegemezwa ukutani ikikauka, na gari lake lilikuwa njiani kuja kuichukua. Brashi alikaa nasi, kikombe cha kahawa mkononi.

FUNDI CHEREHANI: Ndugu yangu, hilo koti umelichora pana mabegani. Watu watasema kaazima.

BRASHI: Ndivyo lilivyomkaa.

FUNDI: Kikulacho ki nguoni mwako. Hilo koti litakutafuna wewe, si yeye.

WAKILI (hajasoma sheria, alikuwa akifagia mahakamani): Koti si kitu. Tazama mkono. Mkubwa huuweka tu juu ya kiti. Huyu kakikamata kama mtu anayeng'olewa. Hapo umesema ataondolewa, na kesi hiyo haina dhamana.

MAMA KAHAWA: Na macho hayatutazami sisi. Yanatazama mlango.

WAKILI: Basi mlangoni kuna mtu. Watakuuliza ni nani, Brashi. Wakimaliza, watatuuliza na sisi. Haba na haba hujaza kibaba. Wataanza na mmoja.

Fundi akasogea mwisho wa benchi.

MAMA KAHAWA: Mrekebishe, baba. Mpe hata tabasamu.

BRASHI: Rangi bado mbichi, nikigusa naharibu. Siku tatu nimekaa naye chumba kimoja nikimchora. Nilijaribu kumchora anacheka, mkono wangu ukakataa.

Gari likasimama. Fundi akakumbuka ana suruali ya kumalizia. Dereva akafungua mlango wa nyuma, akashuka mama mmoja mtu mzima. Tukasimama wote.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nimekuja kumchukua mwanangu.

Akaenda moja kwa moja mbele ya picha. Brashi akaanza kuomba radhi. Yule mama akamnyamazisha kwa kiganja, kisha akasogeza kidole karibu na ule mkono uliokamata kiti, bila kuugusa.

— Ndiye, akasema. Nyumbani hali chakula, halali usingizi. Nikimuuliza, anacheka.

Akamgeukia Brashi.

— Wewe umekaa naye siku tatu. Mwanangu anaogopa nini?

Brashi akatazama macho ya picha, yanayotazama mlango. Dereva akaangalia barabara upande huu na upande ule, akasema taratibu:

— Mama, twende. Hayo hayaulizwi barabarani.